Kugawanya kwa 24 Hakutoshi: Usahihi wa Modeli za Magari ya Kale na ya Mbio za Dragi

Boksi la modeli ya gari huandikwa 1:24 au 1:25, na wengi hudhani kwamba namba hiyo imemaliza kazi: kila kipimo cha gari halisi kimeshagawanywa kiwandani, kilichobaki ni gundi na rangi. Kwa umbali kati ya ekseli mbili, dhana hiyo ni ya kweli. Volkswagen Beetle ina milimita 2,400 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, kwa hiyo modeli yake ya 1:24 inapaswa kuwa na milimita 100 kamili, na yeyote mwenye rula ya shule anaweza kulihakiki hilo. Lakini gari lina mengine zaidi ya umbali wa ekseli. Lina bati lenye unene, lina rangi, lina nyaya, lina mwaka lililotoka kiwandani na siku lilipopigwa picha, na mambo hayo hayagawanyiki yote kwa namna moja. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kujenga seti ileile ya vipande vya plastiki, mmoja akapata kitu kinachofanana na gari na mwingine akapata plastiki iliyopakwa rangi, ingawa vipimo vya vyote viwili vinalingana.

Tuanze na skeli zenyewe, kwa sababu zinaleta ubishi mwingi kuliko zinavyostahili. Katika vipimo vya Kiingereza futi moja ina inchi 12. Nusu inchi ikiwekwa badala ya futi nzima, inapatikana 1:24, skeli iliyotumiwa na Monogram ya Marekani na ambayo ni ya kawaida kwa kampuni za Japani kama Tamiya, Hasegawa, Fujimi na Aoshima. Skeli ya 1:25 ilienezwa sana na AMT, kampuni ya Michigan iliyoanza mwaka 1948 kwa kutengeneza vigari vya plastiki vya kutangazia magari mapya kwa wauzaji. Gari la mita 5 lina milimita 208 katika skeli ya kwanza na milimita 200 katika ya pili. Milimita 8 zinaonekana, hivyo mwili wa skeli moja usiwekwe juu ya chasisi ya skeli nyingine. Kwa betri au dainamo, hata hivyo, tofauti haifiki nusu milimita, na mimi sioni sababu ya mtu kukataa injini nzuri kwa sababu tu boksi lake limeandikwa namba nyingine.

Mgawanyo unakwama kwanza kwenye unene. Bati la mwili wa gari lina karibu milimita moja. Likigawanywa kwa 24 linakuwa jembamba kuliko karatasi ya daftari, na kiwanda hakiwezi kumimina plastiki kwenye kalibu kwa wembamba huo. Mwili wa modeli basi huwa na unene wa milimita moja hivi, ambayo kwenye gari halisi ingekuwa sentimita 2.4 za chuma, unene unaofaa zaidi gari la deraya. Kasoro hiyo haijitokezi mpaka mtu atazame kingo: mdomo wa tundu la tairi, ukingo wa dirisha, pembe ya boneti iliyofunguliwa. Dawa yake ni kuparua plastiki kwa upande wa ndani, kwa kisu na kisha msasa, hadi ukingo peke yake uwe mwembamba huku sehemu iliyobaki ikiachiwa unene wake. Jicho huukisia unene wa bati lote kwa kuuona ukingo, kwa hiyo kuparua ukanda wa milimita mbili au tatu kutoka ukingoni kunatosha.

Rangi ina hesabu iyo hiyo, na hapa ndipo modeli nyingi zinapoharibikia. Koti la milimita 0.05 kwenye modeli ni sawa na milimita 1.2 kwenye gari, ilhali rangi ya kiwandani, praima (rangi ya msingi) na koti za juu zikijumlishwa, ni karibu milimita 0.1 tu. Nafasi kati ya mlango na mwili wa gari la miaka ya 1960 ilikuwa kama milimita 5, yaani 0.2 kwenye modeli. Koti mbili za aina hiyo, zikikaa kwenye kuta zote mbili za ufa, zinauziba kabisa, na mlango unageuka kuwa mchoro. Mjenzi makini huchimba nyufa za milango kwa ncha ya sindano kabla ya praima, kisha hupuliza koti nyembamba nyingi na kusimama mapema kuliko roho yake inavyotaka. Chembe za metaliki nazo hazipungui kwa sababu gari limepungua. Rangi inayometa kwa utulivu kwenye boneti halisi huonekana kama mchanga wa kioo kwenye boneti ya sentimita sita, hivyo huchaguliwa ile yenye chembe laini kabisa, hata kama jina la rangi kwenye kopo si lile la kiwanda cha gari.

Yapo mambo machache ambayo unene wake unakubali kwa bahati. Karatasi ya alumini ya jikoni ina karibu milimita 0.016, ambayo ikizidishwa kwa 24 inatoa kama milimita 0.4. Hicho ni kipimo kinachofaa kwa bati la mikanda inayong'aa ubavuni mwa Chevrolet Bel Air ya 1955. Karatasi hiyo ikibandikwa kwa gundi nyepesi na kukatwa kwa wembe mpya, hushinda rangi yoyote ya fedha.

Baada ya unene huja suala la jicho. Anayeshika modeli ya 1:24 sentimita 30 kutoka usoni anaiona kama mtu aliyesimama mita 7.2 kutoka kwenye gari lenyewe. Kwa umbali wa sentimita 30, jicho zima hutenganisha vitu vya karibu milimita 0.1, ambavyo kwenye gari ni vya zaidi ya milimita 2. Ukubwa huo unamaanisha kwamba mfereji wa skrubu ya dashibodi hauna haja ya kuwepo, lakini waya wa plagi wenye unene wa milimita 8 lazima uwepo, kwa kuwa mtu angeuona akiwa mita saba. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini katika kuamua kitu gani kiongezwe, na kinaokoa fedha, maana seti za vipande vidogo vya shaba vinavyouzwa kando hujaa vitu ambavyo hakuna jicho litakaloviona.

Jambo ambalo halimo kabisa katika namba ya skeli ni tarehe. Vigari vya matangazo vya AMT vilifuata michoro ya viwanda vya magari, ndiyo sababu miili yake ni sahihi kwa kushangaza hadi leo. Lakini kigari cha matangazo hakikuhitaji injini wala chasisi ya kweli. AMT ilipoanza, mwaka 1958, kuuza seti ambazo mnunuzi angeweza kujenga gari la kawaida, la mapambo au la mashindano kutoka boksi moja, urahisi wa awali uliendelea, na katika seti nyingi za zamani ekseli ya mbele ni fimbo ya chuma inayopita katikati ya bloku ya injini. Seti hizo bado hutolewa upya. Zaidi ya hayo, kalibu ilirekebishwa kila mwaka ili kufuata umbo jipya la gari, hivyo kalibu ya mwaka uliopita mara nyingi ilitoweka ndani ya ile ya mwaka uliofuata. Picha ya boksi inaweza kuahidi gari la mwaka mmoja, na ndani mkawa na bampa au dashibodi ya mwaka mwingine.

Mfano ulio karibu nasi ni Beetle, gari ambalo wazee wengi wa Dodoma wanalikumbuka na ambalo bado huonekana likiwa limefunikwa turubai kwenye uwanja wa nyumba. Tamiya inatoa Volkswagen 1300 ya 1966 katika 1:24, seti safi isiyo na usumbufu. Mtu akitaka kujenga Beetle ya babu yake iliyonunuliwa 1970, hawezi kuitumia ilivyo, kwa sababu Agosti 1967 kiwanda kilibadilisha taa za mbele kutoka zile zilizolala kufuata mteremko wa madigadi hadi zilizosimama wima, na kubadilisha bampa na kifuniko cha injini pia. Kioo cha nyuma kina historia yake: kilikuwa vipande viwili hadi Machi 1953, kikawa cha umbo la yai, kisha Agosti 1957 kikawa kikubwa cha mstatili. Juu ya hayo, gari la Tanzania lina usukani kulia. Seti nyingi za magari ya Marekani zina usukani kushoto, kwa kuwa ndivyo magari yenyewe yalivyo, lakini anayejenga gari lililotembea barabara ya Dodoma hadi Iringa lazima ahamishe usukani, pedeli na saa za dashibodi, na asisahau jinsi waipa zinavyolala.

Kwa gari la dragi, tarehe inabana zaidi. Mbio hizi ni za magari mawili kwenye njia iliyonyooka, kutoka kusimama kabisa hadi robo maili, mita 402, karibu sawa na mzunguko mmoja wa kiwanja cha riadha ulionyooshwa. NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani kilichoanzishwa na Wally Parks mwaka 1951, ndicho kilichoyapa mashindano hayo madaraja na kanuni. Mwaka 2008, baada ya dereva Scott Kalitta kufariki kwenye ajali, kilipunguza mbio za madaraja yenye kasi kubwa kuwa futi 1,000, kama mita 305. Gari la familia likishanunuliwa hubaki na umbo lake miaka kumi. Gari la dragi lilibadilishwa kati ya shindano na shindano: kabureta zikatolewa, matairi yakapanuliwa, jina la mdhamini likafutwa na jingine kuandikwa. Kusema unajenga gari fulani la 1965 hakujasema kitu mpaka utaje ni la mwezi gani na uwanja gani.

Mwaka huo wa 1965 wenyewe unaonyesha ukubwa wa tatizo. Chrysler ilitengeneza Dodge na Plymouth chache za mbio ambazo ekseli ya nyuma ilisogezwa mbele inchi 15 na ya mbele inchi 10, ili uzito wa gari uangukie matairi ya nyuma wakati wa kuondoka. Kanuni za NHRA za magari ya kiwandani hazikuyakubali, yakawa yanashindana zaidi katika mbio za mapatano, zinazopangwa kati ya magari mawili nje ya madaraja rasmi. Katika 1:25, masogezo hayo ni milimita 15.2 na 10.2. Anayeanza na seti ya Plymouth ya kawaida atalazimika kukata sakafu, kuhamisha matundu ya matairi, na kuziba mahali yalipokuwa, huku milango na paa vikibaki mahali pake. Akikosea kwa milimita mbili tu, gari hupoteza ule mkao wa ajabu uliolifanya likumbukwe. Kuna jambo la kufurahisha hapa: bati za magari hayo zilichovywa kwenye asidi ili ziwe nyepesi, kwa hiyo zilikuwa nyembamba kuliko za gari la dukani, na kingo za modeli yake zinapaswa kuparuliwa hata zaidi.

Dragsta, yale marefu yenye fremu ya mabomba, yana mpaka wake wa tarehe ulio wazi. Hadi mwisho wa miaka ya 1960 dereva alikaa nyuma ya injini, tena nyuma ya ekseli ya nyuma, akilitazama lundo la chuma linalotema moto mbele yake. Machi 1970, katika uwanja wa Lions huko California, giaboksi ya dereva Don Garlits ililipuka ikakata sehemu ya mguu wake wa kulia. Alirudi na gari lenye injini nyuma ya dereva, akashinda nalo mashindano ya Winternationals ya 1971, na ndani ya miaka michache karibu wote walimfuata. Paipu za eksozi nazo hutoa ushahidi: za mwanzo zilielekea chini, na kuanzia katikati ya miaka ya 1960 zilipindwa juu na nyuma. Modeli yenye injini nyuma na namba za mashindano ya 1967 imejikanusha yenyewe, hata rangi yake ikiwa ya kioo.

Fremu hiyo ndiyo inayostahili mikono ya mjenzi. Bomba la chuma la inchi 1¼ lina milimita 31.75, ambayo katika 1:25 ni 1.27. Plastiki ya unene huo hupinda, hasa kwenye chumba chenye joto, na dragsta yenye tumbo lililolegea haivutii. Waya wa mashine ya kuchomelea ya MIG wa milimita 1.2, ambao mafundi wa mageti na madirisha huwa nao, ni sawa na bomba la milimita 30: karibu kabisa na halisi. Kwa kuwa hutoka ukiwa umejikunja kwenye roli, huviringishwa kati ya mbao mbili bapa mpaka unyooke, kisha huunganishwa kwa gundi ya super glue au kwa risasi ya fundi redio.

Sasa tuitazame injini kwa karibu. Tuchukue Hemi 426 ya Chrysler, V8 (injini ya silinda nane) ya lita 7 iliyoanza mbio mwaka 1964. Juu yake, kwenye dragsta, hukaa blowa, yaani pampu ya kusukuma hewa ndani ya injini, iliyotokana na injini za dizeli za GMC za mfululizo wa 71, za malori na mabasi, ambazo kwa kuwa ni za mipigo miwili zilihitaji kusukumiwa hewa. Blowa ya injini ya silinda sita yenye inchi za ujazo 71 kwa kila silinda ndiyo inayoitwa 6-71. Mkanda wenye meno unaoizungusha, ukiwa na upana wa inchi 3, unakuwa milimita 3 kwenye modeli, na ukanda wa karatasi ngumu nyeusi uliochorwa mistari kwa kisu unatosha. Zinafuata nyaya. Waya wa plagi wa milimita 8 unahitaji uzi wa milimita 0.32, na uzi mmoja wa shaba kutoka ndani ya waya laini wa umeme, ukipakwa rangi, unafika hapo. Injini hii hulipuka kwa mpangilio wa 1-8-4-3-6-5-7-2, silinda za namba witiri zikiwa upande wa kushoto na za shufwa upande wa kulia, mpangilio uleule wa V8 ndogo ya Chevrolet. Lakini distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, ya Chevrolet iko nyuma, karibu na ukuta wa kabini, na ya Hemi iko mbele. Nyaya za Hemi huingia katikati ya kava za tapeti, ilhali za Chevrolet hushuka pembeni karibu na eksozi. Mtu anayezitupa nyaya nane popote zinapofika amefanya kazi ngumu yote na kuacha ile rahisi.

Ushahidi wa haya yote hutoka kwenye picha, na picha zina hila. Gari la kale lililokarabatiwa kwa maonyesho mara nyingi hung'aa kuliko lilivyowahi kung'aa kiwandani, huku likiwa na mabomba, klipu na matairi ya leo. Picha iliyopigwa uwanjani wakati ule, hata ikiwa na ukungu, ina mamlaka zaidi. Simu ikisogezwa karibu hukuza pua ya gari na kudumaza mkia, kwa hiyo anayepiga picha za kupimia arudi nyuma hatua kumi na tano hivi, akae sawa na katikati ya mlango, ndipo avute kwa lenzi. Wengi hutumia rimu kama rula, wakisema rimu ya inchi 15 ni milimita 381. Kipimo hicho ni cha mahali tairi linapokalia, si cha mdomo wa nje wa rimu, ambao ni mkubwa zaidi, na kosa hilo likiingia kwenye hesabu hufanya gari zima lionekane fupi kuliko lilivyo. Umbali wa ekseli ni rula salama zaidi.

Dodoma inaongeza masharti yake. Makopo ya rangi ya kupuliza na thina huhesabiwa kuwa mizigo ya hatari kwenye ndege, hivyo mtu huagiza seti nje na kununua kemikali hapahapa, kwenye maduka ya rangi za magari. Rangi hizo ni nzuri, na fundi anaweza kuchanganya karibu kila rangi ya kale, lakini thina yake kali huila polistaireni, plastiki ya modeli, na kuacha uso wenye nyufa ndogo. Kinga ni praima inayopulizwa ikiwa karibu kavu, koti nyembamba kabisa, kila moja ikauke kabla ya nyingine, na jaribio lifanyike kwanza kwenye fremu tupu iliyoshika vipande. Kuanzia Mei hadi Novemba hewa huwa kavu na upepo una vumbi. Plastiki iliyofutwa kwa kitambaa kikavu hujaa umeme tuli na kuvuta kila chembe, kwa hiyo huoshwa kwa maji na sabuni, hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu, na sakafu humwagiwa maji kabla ya kupuliza. Alfajiri ni wakati bora. Mvua za Desemba hadi Aprili huleta tatizo la upande wa pili, kwani laka ikikauka kwenye unyevu huwa na ukungu mweupe.

Kromi ya kiwandani iliyo nene na yenye makovu huondolewa kwa kulowekwa kwenye jiki, kisha kipande hupakwa upya. Madirisha yasiguswe na super glue, maana mvuke wake huyatia weupe. Gundi nyeupe ya mbao inatosha. Matairi laini ya seti za zamani yana mafuta yanayotafuna rimu za plastiki, na joto huharakisha hilo, kwa hiyo rimu ifunikwe karatasi ya alumini sehemu inayogusana na tairi.

Zipo modeli zinazotaka uchafu. Hasegawa imetoa Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally ya 1971, na gari hilo likiwa safi kabisa halifanani na lililofika mwisho. Kishawishi cha mtu wa hapa ni kuchota udongo mwekundu wa nje na kuunyunyiza. Punje ya milimita 0.1, ikizidishwa kwa 24, inakuwa kokoto ya milimita 2.4, vumbi halisi si vumbi tena kwenye skeli. Udongo huo lazima utwangwe na kuchujwa kwa kitambaa cha hariri, au uachwe kabisa na mahali pake ipulizwe rangi ya udongo iliyochujuka, ikikolea nyuma ya matairi na kupungua kuelekea paa. Gari la dragi halina vumbi hilo. Lina masizi meusi ya mpira uliochomwa, yanayorushwa na matairi ya nyuma kwenye madigadi na chini ya bampa ya nyuma, na hayo hupakwa mwisho, baada ya stika kukauka, kwa rangi ya kijivu iliyokolea badala ya nyeusi kamili.